Kiboko na Sifa za Mfereji

— Nikianza, mtaniitikia?
— Tutaitikia!
— Nikizidisha chumvi?
— Tutalamba!

Basi hapo zamani, kazi ilipokuwa bado ina nyimbo na Mwenyezi Mungu akiteremsha mvua kwa wakati wake, wanyama wa bonde moja walifanya kazi kwa msaragambo: jasho moja, chungu kimoja. Kazi ikiisha, mwimbishaji huimba jina la mtu na alichofanya. Aliyetajwa husimama, akashika jembe, akakicheza alichotajwa kukifanya. Na mila ilikuwa kali: mwenye kutajwa halambi hata punje mpaka amalize kucheza.

Mwimbishaji alikuwa Chura. Mwili kiganja, sauti baragumu. Ila alikuwa na kosa lake, tuliseme mapema. Walipomaliza daraja, aliimba ubeti mmoja tu, "Kiboko kajenga daraja!", maana Kiboko ndiye msimamizi, na Chura aliogopa kukanyagwa. Kiboko akacheza kidogo, akakikomba chungu kizima. Tangu hapo, kila Chura akisali, kosa lile lilimrudia mdomoni.

Sasa mfereji nao umekwisha. Maji yanaingia shambani, chwa, chwa, chwa. Chura akamkuta Fuko, aliyechimba mpaka kucha zikakatika, anafunga mzigo.

"Kaka Fuko, wapi tena?"

"Nahama, dada. Kama hata leo sitajwi, bonde hili halinijui."

"Ngoja kande iive kwanza."

"Kande ya nani? Ya Kiboko?"

"Ngoja tu, kaka. Nilikukosea."

Mara Kiboko huyo, du! du! du! Tumbo limetangulia.

"We Chura! Mfereji kachimba nani?"

"Wewe, bwana mkubwa."

"Basi leo hakuna jina jingine. Ukimtaja mwingine, nakukalia!"

"Nitaimba yote uliyoyafanya, bwana mkubwa. Sitaacha hata moja."

"Ehee! Sasa umekua."

Kande ikaiva. Chura akapanda juu ya jiwe.

"Nani kachimba mfereji?"

"Kiboko!" wakaitikia wote, kwa uchungu.

Kiboko akacheza kuchimba, du! du! du! Akanyoosha mkono chunguni.

"Nani kang'oa mawe?"

"Kiboko!"

Mkono ukarudi. Akacheza mawe, du! du! du!

"Nani kabeba udongo mgongoni?"

"Kiboko!" akaitikia Kobe, aliyeubeba mwenyewe, huku akijipakulia. Maana asiyetajwa hana cha kucheza. Yeye anakula tu. Wengine wakaelewa. Wakasogea chunguni, nyam, nyam, nyam, na kuitikia kukanoga.

"Nani katambaa chini ya mwamba?"

"Kibokooo!"

Kiboko akalala kifudifudi, akatambaa. Tumbo kwaru! kwaru! Pumzi hee! hee!

"Chura, mwanangu, zimebaki nyingi?"

"Hata kwenye mizizi hatujafika, bwana mkubwa. Mizizi ni mingi."

"Mizizi sikung'oa mimi!"

"Kang'oa nani, basi?"

"Kang'oa... kang'oa Fuko!"

"Sijasikia vizuri, nisije nikakaliwa."

"FUKO! Mizizi Fuko, mwamba Fuko, mfereji wote Fuko! Udongo Kobe! Waimbe hao, nami nipeni kijiko!"

Chura akavuta pumzi, akaimba kama hajawahi kuimba:

"Nani kachimba mfereji?"

"Fuko!"

Fuko, aliyekwisha kushiba, akasimama na kucha zake zilizokatika. Akacheza pole pole, mkwaruzo kwa mkwaruzo, na watoto wakamwigiza. Mzigo wake akasahau alipouweka. Kiboko alikuwa pembeni akikwangua ukoko, kwangu, kwangu.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie hapa hapa. Na fundisho lake ni hili: msimamizi mwema hula sifa zote peke yake, ili wenzake wapate nafasi kwenye chungu.

Nami nawaombeni kitu kimoja. Kazi yenu ya kesho ikiisha, kabla hamjanawa mikono, mtajeni kwa jina lake aliyeifanya.