Kindi na Kilele cha Mrehani

Hapo zamani za kale, wanangu, na wewe unayechezea mkeka tulia usikie, wanyama walikuwa na nyua zao, wakizifagia asubuhi na kuamkiana. Kindi alikaa na mama yake katika tundu la mti, na mama huyo hakutoka mlangoni bila kikuba kifuani, kile kishada cha majani ya rehani yanayonukia, aliyoyachuma uani kwake. Ukimkosa kwa macho, ulimpata kwa pua.

Mama akafa. Hata matanga hayajaondolewa, Kiboko, jirani yao, akaingia uani, chwaku! chwaku! Mirehani yote ya marehemu ikaishia tumboni mwake.

Lo! Kindi alilia. Akawa anajifunika kanga za mama na kuzinusa, na kila siku harufu inazidi kufifia. Alichokiogopa hasa ni kuisahau. Siku moja akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akakuta mbegu za mrehani, ndogo, nyeusi, hazijai hata kijiko.

Tabu ni kwamba tundu lake halikupata jua, na uani Kiboko alikuwa amekanyaga pote pakawa tope tupu. Jua lote lilikuwa barazani kwa Kiboko.

"Hodi! Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeleta nini kwenye sufuria mbovu hiyo?"

"Mbegu za mrehani. Naomba niziweke hapa juani."

Kiboko akachungulia. Mbegu zilikuwa zimeshanyunyiziwa maji, nazo zimevimba, kila moja imejivika ute.

"Pho! Mayai ya chura haya! Haya, weka. Lakini kitakachoota kwenye baraza langu ni changu. Nitakila!"

Kindi akaiweka sufuria. Mama alizoea kusema, "Mbegu ya mrehani haizikwi, mwanangu, hufunikwa shuka tu." Basi akazitandazia udongo kiduchu, akawa anakuja kila asubuhi kuzinyunyizia maji kwa vidole. Zikaota. Konokono wakaila miche, ukapona mmoja tu, ukapanda juu, mwembamba. Kindi akasugua jani lake, akanusa. Mama!

"Wakati wa kula umefika," Kiboko akasema nyuma yake.

Hapo Kindi akakumbuka neno jingine la mama. Akajitupa chini, pu!

"Mjomba wee! Kula majani ya chini yote, nimekupa kwa roho safi. Ila kilele, nakushika miguu, usikiguse! Kilele ndicho kitamu. Ukikikata nitabaki na nini mimi yatima?"

"Ahaa! Kitamu ndicho unachonificha! Hayo ya chini kula mwenyewe."

Akanyoosha domo, ksu! Ukali wa rehani ukampanda puani. "Chaa! Chaa!" akapiga chafya, machozi yakamtoka.

"Kitamu!" akasema, maana mkubwa hakubali kushindwa na jani. "Nitakuja tena."

"Ole wangu!" akalia Kindi, uso kaufunika kwa mkia ili kicheko kisionekane.

Kwani neno la mama lilikuwa hili, wanangu: mrehani ukikatwa kilele hutoa matawi mawili. Kiboko akavikata vilele viwili, vikaja vinne. Kindi anagaagaa, Kiboko anakata, ksu! ksu! Mwisho sufuria ikajaa pomoni, baraza zima likanukia.

Siku hiyo Kindi akachuma, akafunga kikuba kwa uzi, akakibandika kifuani. Harufu ikapanda. Akageuka upesi kama mtu aliyeitwa jina lake.

Hapakuwa na mtu.

Akalia, na safari hii hakuwa akiigiza.

Kiboko akatazama kichaka, akamtazama Kindi, taratibu akaelewa. "Kumbe muda wote huu nimekuwa mtunza bustani wako! Haya, umeshinda. Sasa unalia nini?"

"Harufu nimeipata, mjomba. Mwenyewe sijampata."

Kiboko akakumbuka ile siku ya matanga, akaona haya. Akainama, akakata kilele kimoja polepole, ksu, wala hakukila. Akakiweka miguuni pa Kindi.

"Ili utoe matawi zaidi," akasema.

Mimi hadithi yangu nimeiacha hapo barazani, nanyi bebeni hili: akili hurudisha kilichoporwa, lakini haimrudishi aliyeondoka.