Siku Tumpe Aliporudishwa Kituoni

Isome hii taratibu, halafu mtumie yeyote anayelea mtoto ambaye hakumzaa.

Sekela alikuwa fundi cherehani huko Tukuyu. Yeye na mumewe, Anyosisye, hawakujaliwa mtoto, hivyo wakaenda kwenye kituo cha kulelea watoto, wakapewa binti wa miaka minne aitwaye Tumpe. Mama yake mzazi alimwacha stendi angali mchanga. Shangazi aliyemchukua naye akamchoka.

Mwanzoni Tumpe alikuwa mpole kupita kiasi. Majirani walimsifu. Sekela akampenda, akamshonea gauni la njano.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Tumpe alilikata lile gauni kwa mkasi. Akawa anaficha ugali chini ya godoro mpaka unaota ukungu. Sekela akitoka, mtoto analia hadi kutapika. Akirudi, anampa mgongo. Akimkumbatia, anamng'ata.

Mshauri wa watoto pale kituoni alimsihi, "Mama Tumpe, mvumilie. Uwe unamleta kwangu kila wiki."

Sekela alimpeleka mara mbili tu. Alichokiona ni mtoto kucheza na wanasesere: mkubwa anamtupa mdogo nje ya mlango, anamrudisha, anamtupa tena. Akaona ni kupoteza muda.

Siku alipong'atwa hadi kutoka damu, alimwambia mumewe, "Huyu mtoto hanipendi. Namrudisha."

"Tungoje kidogo, mke wangu."

"Nimengoja vya kutosha."

Kwenye geti la kituo, mlezi alipomshika Tumpe mkono, mtoto aligeuka. Hakuwahi kumwita Sekela kwa jina lolote. Siku hiyo alisema kwa sauti ndogo, "Mama, sitarudia tena."

Sekela alilia, lakini akapanda bodaboda akaondoka.

Hakukaa wiki, moyo ukamshinda, akarudi. Tumpe alimwamkia, "Shikamoo," kama anavyomwamkia mgeni yeyote, akaendelea kuchora. Hakulia, wala hakumng'ata.

"Naona ametulia," Sekela alimwambia mshauri kwa matumaini. "Labda sasa tutaelewana."

"Hajatulia, mama. Amekukatia tamaa," mshauri akasema. "Ule upole wa mwanzo ulikuwa wa mgeni. Alipoanza kukung'ata, ndipo alipokuwa ameanza kukupenda, na akaogopa, maana kila aliyempenda alimwacha. Alikuwa anakupima aone kama na wewe utamwacha."

"Na mimi nikamwacha."

Sekela aliomba apewe tena mtoto. Akaambiwa aanze kwa kumtembelea. Mpaka leo huenda kila Jumamosi na kukaa naye kwenye mkeka. Tumpe hupokea ndizi anazoletewa, husema asante, kisha hurudi kwa wenzake. Sekela hubaki ameketi palepale mpaka muda wa wageni uishe.

Funzo: Mtoto aliyeachwa na watu aliowategemea huweza kukusukuma mbali pale hasa anapoanza kukupenda, ili ajue kama utabaki. Usidhani ukali wake ni chuki. Baki naye.