Damu Iliyochukuliwa kwa Mghoi

Mchota damu hurudi na neno.

Ndivyo mlivyomsikia yule mama aliyefuata majibu yake zahanati akimwambia tabibu leo, nanyi mmeniuliza ni wahenga gani walioiacha methali hiyo. Wahenga hawaijui, wanangu. Aliyeisema kwanza ni dada yangu Mghoi, na siku hiyo nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mambo yalikwenda hivi.

Mghoi alizaliwa hapa kwetu Taita, akaolewa ng'ambo ya mpaka, milimani Upareni, na mtu aitwaye Mbonea. Wakapata binti, Nanzia. Nanzia alipokuwa shuleni macho yakaanza kumsaliti. Kwanza giza la jioni lilimshinda, akawa anapapasa njia ambayo wenzake waliipita wakicheka. Kisha hata mchana akawa anaona kilicho mbele yake tu, kama mtu achunguliaye kwenye tundu la mwanzi. Hapa kwetu pia walikuwapo ndugu waliopofuka hivyo hivyo.

Basi wakaja watafiti, madaktari wa Kenya, Tanzania na Uganda walioungana kuchunguza magonjwa ya macho ya kurithi. Walipanda hadi kwa Mbonea, wakavuka na kuja huku kwetu. Walipiga picha macho yetu, wakachota damu ya wagonjwa na ya wazima. Daktari Lyatuu, mama wa Kitanzania mwenye sauti ya upole, alimshika dada yangu mkono akamwambia, "Tukipata jibu, ninyi mtakuwa wa kwanza kulisikia." Mghoi akawachinjia jogoo. Wakala, wakashukuru, wakashuka mlima.

Wasirudi.

Tangawizi ikapandwa, ikavunwa, ikapandwa tena. Katika kimya hicho Sekiete, kaka mkubwa wa Mbonea, akapata nafasi ya kusema. Alisema Mghoi ameleta mkosi kutoka kwao. Alisema Nanzia hana ugonjwa wowote ila uvivu, akaamuru apewe mzigo wa tangawizi kama wenzake. Msichana akabeba. Pale njia inapopita ukingoni mwa shamba hakuuona ukingo, akaanguka na mzigo wake. Mguu ulivunjika, ukaunga vibaya. Sekiete akasema, mmeona, mkosi huo. Naye Mbonea, badala ya kumtetea mkewe, alimwambia, "Nenda kwenu kwanza, maneno yapoe."

Dada yangu akarudi huku na binti anayechechemea.

Siku moja alikuwa akichambua maharage, redio ikiwa wazi. Akasikia sauti aliyoitambua. Ilikuwa ya Daktari Byamukama wa Uganda, kiongozi wa wale watafiti. Alikuwa akieleza kwa furaha kwamba chanzo cha upofu wa familia fulani za Upareni na Taita kilijulikana tangu mwaka juzi, na kwamba wiki hiyo wenzake wa nchi zote tatu walikuwa Moshi wakijadili mafanikio hayo.

Mwaka juzi Nanzia alikuwa bado ana miguu miwili mizima.

Mghoi aliacha maharage yake pale pale. Kesho yake tulipita Taveta, yeye, Nanzia na mimi, tukafika Moshi. Mlinzi wa hoteli walimokutana alitaka kutuzuia. Mghoi akampita, akaingia ukumbini akimwongoza bintiye. Daktari Lyatuu akainuka.

"Mama Nanzia, karibu."

"Sikuja kukaribishwa. Jibu la damu yangu liko wapi?"

Lyatuu akamtazama Byamukama. Byamukama akasema, "Vipimo tulifanya sisi Kampala. Kazi ya kuwaarifu wagonjwa ilikuwa ya wenzetu wa huku."

"Sisi tulidhani Nairobi wangefanya," alisema Lyatuu, "kwa kuwa tulipotaka kupanda tulisikia mama amehamia Kenya."

"Nilifukuzwa," alisema Mghoi. "Nilifukuzwa kwa sababu ninyi mlinyamaza. Mlipoitaka damu, njia mliijua, mlima mliupanda, na mpaka haukuwazuia. Jibu ndilo lililokosa miguu? Mtazameni huyu anavyotembea. Mchota damu hurudi na neno. Mlirudi na nini?"

Lyatuu alikuwa akilia, lakini dada yangu hakumhurumia. Alisema, "Machozi yako hayanifai. Panda mlima ukaseme."

Wakapanda, nasi pamoja nao. Ukoo wa Mbonea ulikusanyika uani, Lyatuu akaeleza kwamba upofu ule hutokana na kasoro ya kurithi, kwamba mtoto huugua akiirithi kwa baba na kwa mama pia, na kwamba mzazi huibeba bila yeye mwenyewe kuumwa. Haikuwa mkosi, wala haikuletwa na mke.

Sekiete akauliza, "Na mimi? Damu yangu mlichukua."

"Jibu lako nitakuambia faraghani, mzee."

"Sema hapa hapa. Wote wasikie kwamba mimi ni safi."

"Unayo," alisema Lyatuu. "Unaibeba kama mdogo wako."

Sekiete akakaa chini. Mbonea akamwendea mkewe, akamwomba arudi nyumbani. Mghoi akamwambia, "Ulipotaka niondoke hukuhitaji daktari. Ungeniamini tu, ingetosha." Akamshika Nanzia mkono, tukateremka.

Nanzia sasa haoni kabisa. Anasoma kwa vidole, na anafundisha wenzake kusoma hivyo. Angeanza mapema kama angeambiwa mapema. Hilo dada yangu hajalisamehe, na mimi simwombi alisamehe. Mtasikia watu wakisema hasira hasara. Lakini watafiti wale wanapokuja siku hizi, hufika kwanza kwa wagonjwa na majibu ya safari iliyopita, ndipo wafungue sindano mpya. Upole haukuwafundisha hayo. Jogoo waliyechinjiwa hakuwafundisha.

Basi yule mama wa zahanati hakuwa akibembeleza. Alikuwa akidai kilicho chake, naye tabibu alijua hivyo, ndiyo maana aliinamisha macho. Mchota damu hurudi na neno.