Theluji Kwenye Kofia ya Uyoga Mwekundu

Sogeeni karibu na moto, na mwenye kushona aendelee kushona, sindano haizibi masikio. Mmeniuliza kwa nini uyoga mwekundu una madoa meupe kichwani. Mama zenu waliniuliza hivyo hivyo wakiwa na meno ya utotoni, na kila nikimaliza kulijibu swali hili hubaki na hamu ya kukaa kimya kutwa. Lakini mmeuliza, basi nitasema.

Hapo kale uyoga ule haukuwa na doa hata moja. Ulikuwa mwekundu mtupu, kama tunda lililoiva. Wala haukuwa uyoga wa kuchumwa tu. Walikuwa watu, watu wafupi wa kufika magotini, wenye mguu mmoja mnene na kofia pana, na shingo hawakuwa nayo. Walitokeza mwishoni mwa kiangazi, mvua zikishanyesha, chini ya miti ile ya gome jeupe, na waliondoka kabla ya theluji kuanguka. Majira ya baridi hawakuwahi kuyaona. Tukiwasimulia kwamba mto hugeuka jiwe na watu hutembea juu yake, walicheka wakidhani tunawatania.

Kazi yao ilikuwa moja. Mtu aliyezidiwa na hamu ya kumwona marehemu wake aliwaendea, wakamshika mkono, wakampeleka mpaka ukingoni mwa malisho ya wafu. Kutoka pale aliwaona wazee wake wakichunga kulungu wao wa kufugwa, wakinywa mchuzi, wakigombania mambo yale yale waliyoyagombania hapa duniani. Aliona tu, kugusa hakugusa, na akiita hakusikiwa. Kisha walimrudisha, akaamka na kichwa kizito. Muda wote huo mwenzake aliyebaki alikaa kando yake akimwita kwa jina, asije akapitiliza. Mpaka leo, tukiula uyoga ule ili tuwaone wafu, tunafanya hivyo, na anayeula peke yake ni mpumbavu. Wenye wajomba wa namna hiyo mniwie radhi.

Basi katika kambi moja ya upande huu wa mto aliishi mwanamke aliyeitwa Omrina, na mumewe Keuta, mchungaji wa kulungu. Walikuwa wamekaa pamoja mpaka wakafanana sura. Keuta alikuwa mtu wa maneno machache. Akirudi malishoni, manyoya ya nguo zake yamejaa theluji, alisimama mlangoni mwa hema akangoja. Omrina alitoka na fimbo ya pembe, kama atokavyo mke yeyote wa kwetu, akamkung'uta kabla hajaingia. Mnajua sababu: theluji ikiyeyuka ndani ya manyoya ngozi huoza, na mwenye nguo iliyooza hafiki mwisho wa baridi. Alimpiga mabegani, akampiga kifuani, naye Keuta ameinua mikono. Halafu Keuta aliuliza kama ageuke, na Omrina akamwambia ageuke. Mapenzi yao yalikuwa hayo. Hawakuwa watu wa kushikanashikana mbele za watu.

Mwaka mmoja, barafu ikianza kulainika, Keuta alivusha kundi mtoni. Kulungu walivuka wote. Yeye alikuwa nyuma yao, na barafu ikapasuka chini yake. Walimtafuta mpaka maji yalipofunguka, hawakumpata. Hapakuwa na mwili wa kuvishwa nguo za safari ya mwisho, ambazo Omrina alikuwa amekwisha kuzishona kwa mkono wake, kama tunavyowashonea waume zetu wangali hai. Nguo zikabaki zimekunjwa.

Kiangazi kilipokuwa kinakwisha aliwaendea watu wa kofia nyekundu. Walimpeleka. Alimwona Keuta mbali sana, amempa mgongo, anatembea nyuma ya kundi. Akarudi akiwa vibaya kuliko alivyokwenda. Akaacha kula. Wakati wa kuhamia malisho ya baridi ulipofika alikataa kung'oa hema lake. Rultina, wifi yake, alimsihi na kulia, akamweleza kwamba atakayebaki ukingoni mwa mto peke yake atakufa kwa baridi. Omrina alijibu kwamba hema likihamishwa Keuta hatajua pa kurudi. Watu wa kambi wakakubali kumngoja mpaka theluji ya kwanza ianguke na kutulia, na si zaidi, kwa kuwa kulungu walikuwa wamemaliza majani.

Omrina akarudi tena kwenye miti ya gome jeupe. Mzee wa watu wafupi alipomuuliza kama anataka kumwona mumewe mara nyingine, alitikisa kichwa.

"Kumwona sitaki," alisema. "Nataka aingie ndani."

Jambo hilo halikuwahi kuombwa. Watu wa kofia nyekundu walishauriana mpaka umande ukawakauka. Wengi walikuwa wanampenda Keuta. Nyote mnajua jinsi kulungu wanavyouhusudu uyoga ule, wakiuona huwezi kuwashika; na Keuta alikuwa na desturi ya kulizungusha kundi lake mbali na miti ile, hata kama njia ilirefuka, majirani wasije wakatafunwa. Kwa hiyo mzee wao alimwambia Omrina angoje theluji ya kwanza. Wao wenyewe wangekaa kupita siku zao ili wamlete, ingawa hakuna wa kwao aliyewahi kufanya hivyo.

Theluji ikaanguka. Asubuhi ilipokuwa imetulia, Omrina alichungulia nje akaona mstari wa kofia nyekundu ukivuka kutoka malisho ya wafu kuja huku, zikitetemeka kwa baridi, na katikati yao mtu mrefu wamemshika mkono. Alikuwa mweupe kwa theluji kutoka utosini hadi nyayoni, mpaka kwenye kope. Alifika mlangoni mwa hema, akasimama pale pale alipozoea kusimama. Akangoja.

Niambieni, mke aliyefikiwa na mumewe katika hali ile afanye nini? Omrina hakulia wala hakumrukia. Moyo ulimjaa furaha mpaka akasahau kwamba yule ni mfu, akaona tu mtu wake amerudi kutoka malishoni amejaa theluji na nguo itaoza. Mkono wake ukachukua fimbo. Wale watu wafupi walitazama bila kuelewa, maana tangu waumbwe hawakuwahi kuona fimbo ya kukung'utia. Akampiga mabegani. Akampiga kifuani. Keuta aliinua mikono kama siku zote, na theluji ikamwagika juu ya kofia za waliomzunguka.

"Nigeuke?" akauliza.

"Geuka," akasema Omrina.

Akageuka. Omrina akampiga mgongoni, na pigo la mwisho halikukuta kitu. Mlangoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na theluji chini, kidogo tu, ya kujaza kikapu.

Mzee wa kofia nyekundu ndiye aliyesema, kwa sauti iliyokwisha kuanza kukauka kwa baridi. "Mama, wafu hawana mwili. Alivaa theluji ili aweze kuja."

Omrina alipiga magoti akaanza kuizoa kwa mikono, na kila alichokizoa kiligeuka maji kwa joto la viganja vyake. Alilia siku ile kilio ambacho alikuwa hajakilia tangu barafu ilipopasuka, na Rultina alimshika mabega.

Wapo wanaosema Keuta naye alisahau, na wapo wanaosema hakujua. Mimi nasema alijua tangu pigo la kwanza. Mtu anayemwagika mabega anajua kinachompata. Angeweza kumzuia mkewe, na aliinua mikono. Naamini huko kwenye malisho ya wafu, ambako hapana theluji na hapana mlango, kitu alichokuwa amekikosa ni hicho.

Wale watu wafupi waliona vipande vilivyobaki juu ya kofia zao, hakuna aliyethubutu kuvipangusa. Omrina alipita akaiwekea kila kofia kiganja juu, kwa mbali kidogo, bila kugusa. Kisha aliingia ndani, akazichoma nguo za safari ili zimfikie mwenyewe, akang'oa hema lake na kuondoka na kambi. Watu wa kofia nyekundu walikuwa wamechelewa mno kurudi kwao. Baridi iliwagandisha pale chini ya miti, ikawanyang'anya sauti na mwendo.

Na tangu siku hiyo uyoga mwekundu hausemi, na hubeba theluji ya Keuta kichwani hata kabla ya theluji ya mwaka. Ukiula huona wafu wako, lakini kuwaleta hauwezi tena. Na tangu siku hiyo mwanamke wa kwetu, kabla hajainua fimbo, humvua kwanza anayeingia kifuko cha mkono na kumshika kiganja. Kikiwa cha moto, humkung'uta. Kikiwa cha baridi, haondoi hata chembe. Huiweka fimbo chini, wakasimama wote wawili mlangoni kwa muda wowote watakaopewa.

Babu yenu alikwenda na dhoruba kabla ninyi hamjazaliwa. Kila jioni ya baridi, mtu akisimama hapo nje, mimi ndiye ninayetoka, na wake za wanangu wamezoea kuniachia. Namvua kifuko, namshika kiganja, na ninakishika muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mpaka leo vyote vimekuwa vya moto.