Siwa la Mfalme Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na majirani wa kusengenyana nao, Kiboko alikuwa mfalme wa bonde. Alipotaka jambo alipuliza siwa, ile pembe kubwa ya kifalme. Puuuu, limeshakuwa sheria. Hakuwa mbaya. Ila hakuna aliyewahi kumwambia, "Ngoja kwanza."

Asubuhi moja aliamka kichwa kinamuuma. Akasema kanga wana kelele, wahame. Puuuu. Kufika adhuhuri kanga walikuwa njiani na vifaranga wao.

Pimbi, mama wa umbo dogo aliyeishi kwenye mawe ya juu, aliwatazama wakipita. Akawaza: siku mfalme akiyatamani mawe yangu, nitakwenda wapi na watoto?

Akaenda ikulu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sema upesi."

"Naona haya kusema. Mfalme mzima kujipulizia siwa, mashavu yamekuvimba kama mpishi anayepuliza kuni mbichi."

Kiboko akajishika mashavu. "Yanavimba?"

"Mno. Tembo ana pumzi, mpe yeye kazi hiyo."

Tembo akapewa.

Masika yalipofika Pimbi akarudi. "Baba, siwa lako linalala jikoni na masufuria?"

Kiboko akaona aibu. Akalijengea nyumba yenye makufuli mawili. Ufunguo mmoja akampa Tembo, wa pili Twiga.

Mwaka uliofuata Pimbi akaja tena. "Amri ya mfalme ipigwe mlio mmoja na harusi ya fisi? Wenye funguo waisikie kwanza, waichagulie mlio."

Hilo Kiboko alilipenda sana. Kila asubuhi baraza likawa limejaa wanyama wa kumsikiliza.

Basi siku ikafika. "Nataka kuota jua kwenye mawe ya juu," akasema. "Pimbi wote wahame leo."

Pimbi alikuwa mlangoni. Moyo ukamwenda du, du, du. Hakuwa amepanga lolote na Tembo wala Twiga.

"Tembo, fungua."

Tembo akaitazama miguu yake. "Baba, mlio wa amri hiyo siujui."

"Piga wowote."

"Kanga waliondoka mimi nikitazama. Hii siipigi."

"Twiga, na wewe?"

"Ufunguo ninao," Twiga akajibu polepole. "Utabaki shingoni."

Kiboko akauendea mlango wa nyumba ya siwa, gu, gu, gu. Umati ukasogea kando. Pimbi peke yake hakusogea.

"Uvunje, baba," akasema. "Bonde zima liseme mfalme ameiba siwa lake mwenyewe."

Kiboko akasimama. Akautazama mlango, akautazama umati, akamtazama Pimbi.

"Umenichezea."

"Nimekuchezea, baba. Tangu mwaka juzi."

Kiboko akarudi kitini na kuketi wima, kama mfalme anavyoketi.

"Basi naomba jiwe moja tu, la kuota jua asubuhi."

Hakuna pimbi aliyewahi kuombwa kitu na mfalme. Pimbi akanyoosha mgongo wake mfupi.

"Tutalizungumza," akasema. Akapanda kwenda kwake bila haraka, kwa mwendo wa mwenye nyumba.

Hadithi yangu imetua hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: mfalme wa kujivunia ni yule anayeweza kuambiwa hapana, akabaki mfalme.