Fungate ya Mwanakheri

Chokaa haisikii amri. Mmelisikia neno hilo kwa fundi anayetengeneza ukuta wa msikiti, mkadhani ni kisingizio cha mvivu. Sivyo, wanangu. Methali hii ilianza hivi.

Mji wa Mwambani ulikuwa na jumbe aliyeitwa Mwinyikai, mtu aliyezoea kutiiwa. Alijenga ngome ya mawe ya matumbawe, kuta zake nene, na pembeni mnara. Juu ya mnara alitaka chumba ambamo Mwanakheri, binti yake wa pekee, angekaa fungate.

Fundi wake alikuwa Vuai. Alichoma matumbawe, akaizima chokaa kwa maji, akaifukia shimoni. Desturi ya mafundi ni kuilaza humo miezi sita, na ukuta ukifika kimo cha mtu huachwa ukauke kwanza. Lakini harusi ilikaribia, na mnara ulikuwa nusu.

"Chokaa bado mbichi, Mwinyi," Vuai alisema. "Na masika haya yaja. Sogeza harusi."

"Wageni wamekwisha alikwa. Nimesema jenga."

Vuai akainamisha kichwa, akajenga. Hapo ndipo ninapomlaumu mpaka leo.

Siku ya nne ya fungate mvua ilinyesha kutwa kucha. Alfajiri bwana harusi aliteremka kisimani kutawadha, na nyuma yake mnara ukaporomoka. Walimfukua Mwanakheri kwa mikono. Chokaa ilikuwa laini kama uji, na hina ya bibi harusi ilikuwa haijafifia. Kusimulia kwenyewe kunaniuma.

Baada ya maziko jumbe alimwita Vuai. Kila mtu alijua fundi hatarudi kwake.

"Ulijua. Mbona hukukataa?"

"Nilikuogopa, Mwinyi. Sote humu tunasikia amri yako. Chokaa ndiyo haisikii."

Jumbe hakumgusa. Alichukua bonge moja la chokaa kutoka kwenye kifusi, akaliweka barazani kwake. Kila siku alilibonyeza kwa kidole. Masika yakapita, kipupwe kikapita, na asubuhi moja kidole hakikuzama tena, lilikuwa jiwe. Mzee yule akalia upya, maana sasa alijua ni siku ngapi alizokataa kumngojea mwanawe.

Basi fundi akiwaambia mngoje, ngojeni. Chokaa haisikii amri.