Neno la Siri la Kiboko

Masikio yapo?
Yapo.
Yako wazi?
Yako wazi.
Niyajaze kweli au uongo?
Jaza tu, tutachuja wenyewe.

Haya. Palikuwa na kiangazi kimoja kikali. Visima vikakauka, mito ikakauka, likabaki bwawa moja tu. Wanyama wa mlimani wakaja kunywa hapo. Wa mbugani wakaja kunywa hapo. Wa msituni nao wakaja hapo hapo. Wakakanyagana, puu, puu, mpaka ndama wa nyati akavunjika mguu. Ndipo wakakubaliana kunywa kwa zamu.

Orodha ya zamu ilitolewa na kompyuta. Kila kundi lilileta data yake: wako wangapi, wana watoto wangapi. Kila asubuhi Pimbi, mnyama mdogo wa kwenye mawe, asiye hata na mkia, alifungua ile skrini nyeusi isiyo na picha, akaandika amri moja yenye jina na neno la siri ndani yake, ta-ta-ta. Kompyuta ikaingia, ikachota data za mlimani, za mbugani na za msituni, ikaziunganisha, ikatoa orodha moja. Wanyama wakanywa bila ugomvi.

Kiboko alikuwa akiishi ndani ya bwawa. Akaiangalia kazi ile, akaitamani. Asubuhi moja akatoka majini, akamwambia Pimbi, "Wewe mdogo, toka hapo. Kuanzia leo orodha naitoa mimi. Anayetaka jina lake litokee aniletee mzigo wa majani mabichi."

"Sawa, mzee," Pimbi akasema, akaenda kukaa juu ya jiwe.

Kiboko akafungua dirisha la kawaida, lile la kubonyeza kwa kipanya, akabadilisha neno la siri. Akaweka Bwawa$Langu. Alama ya dola aliiweka katikati kwa sababu aliiona ina utajiri. Akatoka, akaingia tena kwa neno jipya. Likakubali. Akacheka, ho, ho, ho, maji yakatikisika.

Wanyama wakaleta majani. Kiboko akala ya tembo, akala ya nyati, akala ya swala, tumbo likalia nguruu. Kisha akaenda kwenye skrini nyeusi, akaandika ile amri kama alivyomwona Pimbi akiiandika, akaweka neno lake jipya. Ta-ta-ta.

Kompyuta ikajibu: *Umeshindwa kuingia. Jina au neno la siri si sahihi.*

Akaandika tena, kwa nguvu zaidi. Ta, ta, ta.

*Umeshindwa kuingia. Jina au neno la siri si sahihi.*

Akaandika mara ya tatu, meza ikayumba.

*Akaunti imefungwa kwa robo saa.*

Jua likapanda. Watoto wa swala wakaanza kulamba mawe. Tembo akamsogelea Kiboko taratibu. "Majani yetu tumekuona ukiyala," akasema. "Maji je?"

"Kompyuta ina matatizo."

"Jana haikuwa na matatizo."

Nyati wakainamisha pembe, mmoja baada ya mwingine. Kiboko akageuka upande wa jiwe. "Mdogo wangu," akasema, "hebu njoo mara moja."

Pimbi akaja bila haraka. "Neno lako linakubali kwenye dirisha la kawaida?"

"Linakubali."

"Jina la kuingilia ni lile lile?"

"Lile lile."

"Herufi kubwa na ndogo umeziandika vilevile?"

"Vilevile kabisa."

"Basi neno ni sahihi, ila njiani linakatika. Usiigonge tena. Tukisubiri robo saa iishe, tuiulize inasikia nini."

Akamfundisha amri ya kuifanya kompyuta irudie inachoambiwa. "Mimi nageuka," akasema, "siri yako sitaki kuiona." Akageuka, akafumba macho. Ta-ta-ta.

"Imerudia nini, mzee?"

"Imesema *Bwawa*."

"Na wewe uliiambia nini?"

Tembo akakohoa.

"Niliiambia Bwawa, alama ya dola, Langu," Kiboko akanong'ona.

"Sema tena, masikio yangu ni madogo."

"Bwawa langu," Kiboko akasema, na kila mnyama akasikia.

Pimbi akaelewa yote. Kwenye skrini nyeusi, alama ya dola ni amri. Kompyuta hudhani neno linalofuata ni jina la kisanduku cha kuwekea maneno, inakitafuta, inakuta hakipo, inaacha patupu. Dawa yake ni kulifunga neno zima kwa alama za nukuu, moja mbele, moja nyuma, basi. Pimbi alilijua hilo vizuri. Hakulisema.

"Ugonjwa nimeuona," akasema. "Mashine hii inalikataa neno Langu."

"Kwa nini?"

"Walioiunda ni watu wa ushirika. Jaribu uone."

Kiboko akaandika tena. *Bwawa*, ikasema mashine. Akaandika yote kwa herufi kubwa. *BWAWA*, ikasema mashine.

"Sasa jaribu Bwawaletu. Dola usiiweke, Letu si neno la kitajiri."

Ta-ta-ta. *Bwawaletu*, ikasema mashine, zima zima.

Kiboko akaitazama ile skrini kwa hofu. Robo saa ilikuwa imekwisha. Akabadilisha neno kwenye dirisha, akarudi kwenye skrini nyeusi, akaandika amri. Kompyuta ikaingia, ikachota, ikaunganisha, tii, orodha ikatoka. Watoto wa swala walikuwa wa kwanza. Chubwi, chubwi, chubwi.

Kesho yake Kiboko alipokuja kudai majani, akakuta orodha imekwisha kutolewa na Nungunungu, maana Bwawaletu kila mnyama alilisikia Pimbi akilitaja. Keshokutwa yake ilitolewa na Kobe. Kiboko akabadilisha neno, akaweka Bwawa$Langu. Skrini nyeusi ikakataa. Akaweka Maji$Yangu. Ikakataa. Akaweka Mimi$Peke. Ikakataa, na nyati wakawa wanamtazama. Akarudisha Bwawaletu, akaingia majini. Mpaka leo yumo humo, pua tu iko juu, anatafuta neno jingine.

Hadithi nimeitua hapa. Anayeitaka aiokote, asiyeitaka airuke.

Na funzo lake ni hili: neno lako la siri litangaze mbele ya kijiji kizima, litakuwa salama zaidi. Tena uwe mkweli kama Pimbi, ambaye hakumficha mkubwa wake kitu.